Kambakoche wa leo walianguliwa miaka iliyopita

Ikifika Julai, wateja wangu hapa City Market, Nairobi, huuliza mbona kambakoche wamepanda bei. Jibu la haraka ni upepo wa kusi. Bahari ya Lamu inachafuka, maji yanakuwa na tope, na mpiga mbizi haoni ndani ya mapango ya mwamba. Mjomba wangu wa Kizingitini husubiri upepo wa kaskazi, maji yakitulia.

Lakini hilo ni la msimu tu. Linaloniumiza kichwa zaidi ni safari ya watoto wao. Wakianguliwa wako bapa na wanapitisha mwanga kama kioo, na huelea baharini miezi mingi, mkondo ukiwapeleka utakako. Wakikosa wa kuwarudisha mwambani, basi tena.

Australia Magharibi wamelifuatilia jambo hili tangu miaka ya 1960. Huwahesabu wachanga wanaofika pwani, wakakadiria mavuno ya miaka 3 au 4 mbele. Mwaka wa El Niño, mkondo wa Leeuwin, unaopita pwani yao, hudhoofika na kwa kawaida wachanga hupungua. Walipopungua sana 2008, serikali ilipunguza uvuvi mapema, kabla upungufu haujafika mitegoni. Natamani sana na sisi tuhesabu hivyo.

Kwa sasa nafanya lililo mkononi mwangu. Kila sanduku likifika nawageuza mmoja mmoja. Jike mwenye mayai ya rangi ya chungwa chini ya mkia simnunui, na mletaji namwambia waziwazi: huyo mwacheni huko huko majini.