Antena Ililipa Nauli Hadi Ngomeni

Nauli ya antena yangu ya kunasia setilaiti ndiyo iliniuma. Pale Mombasa konda akaangalia mabomba yangu ya alumini akasema hicho ni kiti kizima, nikabishana weee mpaka abiria wakaanza kusonya, mwisho nikalipa nauli mbili na bado mabomba nikayapakata mwenyewe hadi Malindi. Boda ya kutoka hapo hadi kijiji cha Ngomeni nayo elfu moja, eti njia mbaya.

Kwangu Umoja, Nairobi, gorofa zimeziba anga, setilaiti ikichomoza tu ishazama nyuma ya jirani. Ngomeni mashariki yote ni bahari, na majini unayaona majukwaa ya San Marco ya Waitaliano ya kurushia roketi, ambako tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa Uhuru, setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani, ikapewa jina hilo kwa sababu ilikuwa siku ya uhuru wetu. Ndio maana nilipataka hapo na si kwingine.

Babu ya rafiki yangu, mvuvi, akanipa paa lake. Nikafunga antena, redio ndogo ya yuesibii na Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kushika mkononi. Kituo hakihitaji mtu: kinajua kila setilaiti inapita saa ngapi, kinaanza kusikiliza chenyewe, kinafuata masafa ya mawimbi yake yanavyoshuka kama king'ora cha ambulensi inayokupita, dakika kumi hivi, kinatuma kwa intaneti, kinangoja nyingine. Kule Svalbard, visiwa vya Norwe karibu na ncha ya kaskazini, setilaiti za kupitia ncha za dunia wanazipata karibu kila mzunguko, kama 14 kwa siku. Sisi wa ikweta tunapata chache, kwa hiyo ikikupita moja inauma.

Asubuhi nikafungua picha ya Meteor, setilaiti ya hali ya hewa ya Warusi, ile ya megahezi 137.9, nikaanza kukagua mikwaruzo. Babu akasogea, akaweka kidole kwenye utepe wa mawingu baharini.

"Hii ndiyo mvua ya jana usiku, mjukuu wangu. Sasa iko Lamu. Leo sishushi ngarawa, nyuma yake kuna nyingine."

Nikaangalia tena na kweli ipo, nyeupe kabisa, na mimi niliyebeba mabomba siku nzima sikuwa nimeiona. Saa tisa ikanyesha.

Niko Nairobi sasa. Leo kituo kimekosa setilaiti mbili, nikampigia. Ameniambia stima hakuna tangu jana, ila antena ameiongezea kamba, kusi imeanza.