Taa za Hanuka na Mkufu wa Shingoni

Wapendwa katika Bwana, Injili ya Yohana 10:22-23 inamwonyesha Yesu akitembea hekaluni wakati wa baridi, katika Sikukuu ya Kutabaruku, ndiyo Hanuka ya Wayahudi. Kwa siku nane, kuanzia tarehe 25 ya mwezi wa Kislevu katika kalenda yao, Wayahudi hukumbuka jinsi Yuda Makabayo na wenzake walivyolitakasa hekalu mwaka 164 kabla ya Kristo, baada ya mfalme Antioko wa Nne kulinajisi. Katika dhiki ile alama ya agano, yaani tohara, ilikuwa na gharama kubwa, kwa maana akina mama waliowatahiri watoto wao waliuawa.

Siku hizi wengi wetu tunavaa mikufu yenye Nyota ya Daudi au kinara cha taa saba (ambacho ni cha hekaluni, kwani cha Hanuka kina taa tisa), na wapo wauzaji wanaoinadi kuwa inafukuza mabaya na kuvuta baraka. Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, kilichomo katika Biblia za Kikatoliki, kinasimulia katika sura ya 12 kwamba Yuda na watu wake walipokwenda kuwazika wenzao walioanguka vitani, walikuta chini ya nguo za kila maiti hirizi za sanamu za mji wa Yamnia. Hawa hawakuwa maadui. Walikuwa wapiganaji wa hekalu, waliomtetea Mungu hadharani huku wakijikinga kwa miungu mingine kwa siri. Yuda hakuwalaani, bali aliwaombea, akachangisha fedha na kuzipeleka Yerusalemu kwa sadaka ya dhambi.

Taa ya Hanuka ni kinyume cha hirizi. Marabi wa Talmudi, yaani mkusanyo wa mafundisho ya walimu wa Kiyahudi, walifundisha kwamba iwekwe nje, mlangoni, wapitao waione, na wakati wa hatari itoshe kuiweka mezani. Tena mwenye nyumba haruhusiwi kuutumia mwanga wake, hata kwa kuhesabu fedha, ndiyo maana huwekwa taa ya ziada ya kumwangazia.

Mimi sioni dhambi katika mkufu wenyewe. Hata hivyo, nyota ile ndiyo ambayo utawala wa Hitler, mnamo Septemba 1941, uliwalazimisha Wayahudi wa Ujerumani, hata watoto wa miaka sita, kuishona juu ya nguo zao ili wadhalilishwe. Kwa hiyo Mkristo anayeivaa ajue kwamba amebeba alama ya watu walio hai, wenye majonzi yao na imani yao, wala si pambo tu la kurasa za Agano la Kale. Na yule ambaye hathubutu kulala wala kusafiri bila mkufu wake, ningemshauri auvue kwa muda, aisome sura hiyo ya 12, kisha azungumze na padre au mchungaji wake.