Nusu pikseli

Kwa wiki tatu niliilaumu kamera. Nilibadilisha muda wa kupokea mwanga, nikasafisha lenzi, nikapima kelele zake gizani, yaani chengachenga za picha, nikaandaa hadi ripoti ya kurasa mbili ya kuomba kifaa kingine. Kila asubuhi programu yangu ilitoa orodha ya kasoro 200 za chipu za kuhakikiwa kwa hadubini ya elektroni, na kila mchana dada anayeendesha hadubini hiyo alinipigia simu. "Kaka, ni kingo tena. Hakuna kitu hapa."

Kazi yangu ni kuandika programu zinazosoma picha za wafa. Wafa ni sahani nyembamba ya silikoni, nyingi siku hizi zina kipenyo cha milimita 300, na juu yake huchorwa chipu mamia kwa pamoja, tabaka juu ya tabaka. Baada ya tabaka fulani kukamilika, mashine hupiga picha uso wote ili kutafuta kisichotakiwa kuwepo: chembe ya vumbi, mkwaruzo, waya uliokatika, waya mbili zilizogusana.

Njia ya msingi ni rahisi kueleza. Chipu zote zimechorwa kwa mchoro mmoja, kwa hiyo chukua picha ya chipu moja, utoe picha ya jirani yake, pikseli kwa pikseli. Palipofanana hubaki sifuri. Palipotofautiana hubaki alama. Na ili ujue ni chipu ipi yenye kasoro, unailinganisha na jirani wa kushoto na wa kulia pia. Alama ikitokea mara zote mbili, mwenye kosa ni yule wa katikati.

Siku niliyoacha kuilaumu kamera ni siku niliyofungua picha ya tofauti yenyewe na kuikuza mpaka pikseli zikawa miraba mikubwa. Nilikuwa naangalia orodha tu, namba na majira ya nukta, yaani mahali kila kasoro ilipo, bila kuitazama picha. Sasa nikaona kwamba kila mstari wa chuma ulikuwa na weupe upande wa kushoto na weusi upande wa kulia, kila mstari, kutoka juu hadi chini. Hizo si kelele za kamera. Hizo ni picha mbili ambazo hazijakaa sawasawa moja juu ya nyingine.

Nilipopima, zilikuwa zimepishana kwa nusu pikseli. Inaonekana kidogo mno, lakini piga hesabu. Kwenye ukingo wa mstari, mwangaza ulikuwa unapanda kutoka 40 hadi 200 ndani ya pikseli tatu hivi, yaani zaidi ya ngazi 50 za mwangaza kwa kila pikseli moja. Ukisogeza nusu pikseli, tofauti ya uongo inakuwa ngazi 27 hivi. Kasoro halisi niliyokuwa naitafuta, kwenye tabaka lile, ilikuwa na tofauti ya ngazi 15. Uongo ulikuwa unang'aa kuliko ukweli.

Dawa yake ninaipenda mpaka leo. Watafiti Kuglin na Hines waliieleza mwaka 1975: badilisha picha zote mbili kwa njia ya Fourier, yaani zivunje ziwe mawimbi, tupa ukubwa wa mawimbi ubaki na awamu zake tu, yaani kila wimbi limeanzia wapi, zidisha moja kwa kinyume cha nyingine, kisha rudisha. Unapata uwanja tambarare wenye kilele kimoja kikali, na mahali kilipo kilele ndipo panapokuambia picha imesogea kiasi gani. Ukipitisha mkunjo laini kwenye pikseli zinazozunguka kilele, unapata hata sehemu ya kumi ya pikseli.

Lakini ina mtego, na nilinaswa. Kwenye eneo la kumbukumbu la chipu, seli zilezile hujirudia maelfu ya mara kwa umbali uleule. Hapo vilele vinakuwa vingi, vyote virefu, na programu inaweza kuchagua kilele cha jirani. Picha inasogezwa seli nzima, kingo zinakaa vizuri kabisa, tofauti inakuwa safi, na mahali pa kasoro panaandikwa pasipo pake. Tangu hapo napima msogeo kwenye sehemu zisizojirudia, mfano pale safu za kumbukumbu zinapoishia, halafu nautumia msogeo huo kwa majirani wa eneo hilo.

Jambo lingine dogo ambalo sikulisoma popote, nililiona kwa macho: ukisogeza picha moja tu kwa nusu pikseli, kule kukadiria thamani za katikati kunailainisha, na sasa unalinganisha picha laini na picha kali. Kingo zinarudi tena. Sogeza kila moja robo pikseli kuelekea mwenzake. Zote zinalainika sawa, na tofauti inatulia.

Baada ya hapo orodha ilishuka kutoka 200 hadi 60. Katika hizo 60, dada wa hadubini alikuta kasoro za kweli 11. Alinitumia picha ya kwanza bila maneno yoyote, na mimi nilikaa nikiitazama kwa muda mrefu.

Nasisitiza hili la kulinganisha sawasawa kwa sababu watu wengi wanaoingia kwenye fani hii leo wanaanzia kwenye mitandao ya nyuroni, programu zinazojifunza kutokana na mifano, na kuruka hatua hizi. Ukubwa wa tatizo hauruhusu. Wafa ya milimita 300, kila pikseli ikifunika nanomita 50, ni pikseli trilioni 28 hivi. Programu inayokosea mara moja tu katika pikseli bilioni itakuletea maonyo ya bure 28,000 kwa wafa moja. Hakuna hadubini ya elektroni duniani yenye muda huo. Kila onyo la bure unalolizuia mapema kwa hesabu nyepesi ni mzigo unaouondoa kwa mtu na kwa mtandao utakaofuata.

Kizingiti, kile kiwango ambacho tofauti ikikivuka inahesabiwa kasoro, nacho kina ujanja wake. Mwanzoni nilitumia njia ya Otsu ya mwaka 1979, ile inayotafuta namba bora ya kugawa pikseli makundi mawili. Ni njia nzuri kwa maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe. Hapa haifai: kasoro ya pikseli 12 ndani ya picha ya pikseli milioni haifanyi kundi la pili, ni unywele tu kwenye mkia wa grafu. Inayofaa ni kuuliza kila eneo lina mtikisiko wa kawaida kiasi gani, kisha kuweka kizingiti cha eneo hilo peke yake. Unene wa tabaka linalopitisha mwanga ukibadilika kidogo kutoka katikati ya wafa kwenda ukingoni, mwanga unaorudi hubadilika rangi, kama mafuta juu ya maji. Chipu nzima inang'aa tofauti na jirani yake, na hakuna kilichoharibika.

Sasa niseme lililoniuma. Tulikuwa na programu iliyotulia, maonyo machache, kila mtu ameridhika. Kisha vipimo vya umeme vikaonyesha chipu zinakufa katika sehemu ileile, wafa baada ya wafa. Picha zangu za tofauti mahali pale zilikuwa sifuri safi. Chanzo kilikuwa maski, ile sahani yenye mchoro ambayo mwanga hupita kuuhamishia kwenye wafa. Ilikuwa imepata uchafu, na maski ile ilibeba chipu moja tu, kwa hiyo kila chipu ilizaliwa na doa lilelile mahali palepale. Jirani wa kushoto analo, wa kulia analo. Kikulacho ki nguoni mwako: kipimo changu kilikuwa na ugonjwa uleule niliokuwa nautafuta.

Kulinganisha kunaonyesha tofauti, hakuonyeshi kosa. Kwa kasoro zinazojirudia inabidi ulinganishe picha na mchoro wa usanifu wenyewe, na hiyo ni kazi nzito zaidi, kwa sababu kwenye usanifu kona ni za mraba kamili ilhali kwenye wafa mwanga huzizungusha. Unalazimika kwanza kukadiria mwanga ungeuchoraje mchoro ule. Tulianza kuifanya kwa tabaka chache zilizo muhimu, na bado tunaendelea.

Mitandao ya nyuroni ninaitumia, hasa kupanga aina za kasoro na kusoma ramani za wafa, zinazoonyesha chipu mbovu zimekaa wapi: pete ya ukingoni, mkwaruzo, lundo la katikati. Anayejifunza ataikuta seti ya data ya WM-811K, yenye ramani 811,457 kutoka kiwandani. Ramani zenye lebo ya aina ya umbo ni 172,950, na 147,431 kati yake hazina umbo lolote. Maana yake programu inayojibu "hakuna" kila mara, bila kujifunza chochote, inapata zaidi ya asilimia 85. Mtu akikuonyesha usahihi wa jumla kwenye data hii, mwombe usahihi wa kila aina peke yake, hasa mikwaruzo.

Ile ripoti ya kuomba kamera mpya niliifuta. Siku hizi, kabla sijafungua orodha yoyote, nachagua picha 20 za tofauti na kuzitazama moja moja. Nyingi ni kijivu kitupu. Jana moja ilikuwa na nukta ya pikseli nne, hafifu, ngazi 14 tu juu ya mandhari yake, na programu ilikuwa imeiacha chini ya kizingiti kwa ngazi moja. Nilimwandikia dada wa hadubini majira yake. Baada ya saa moja akanirudishia picha: waya mbili za chuma, na kati yake daraja jembamba lililoziunganisha.