Feni ya Hita Imegoma na Nje Kuna Theluji: Soma Dalili Kabla ya Kununua Kipuri

Tuliojifunza kuendesha gari Dar, Mombasa au Kampala, hita ni swichi ambayo hatukuwa na haja nayo. Ukihamia Minneapolis, Marekani, au Edmonton, Kanada, ikifika Januari mambo yanageuka. Feni inayosukuma ubaridi wa AC wakati wa joto ndiyo hiyo hiyo inayosukuma hewa ya moto wakati wa baridi, na ndiyo inayofuta ukungu kwenye kioo cha mbele. Ikigoma, barabara huioni. Gereji nyingi huku zinatoza zaidi ya dola 100 kwa saa ya kazi, wakati kwenye magari mengi ubovu huu unaweza kuutengeneza mwenyewe kwa bisibisi na spana ndogo.

Kabla hujafungua chochote, washa gari, weka feni namba moja, kisha panda mpaka ya mwisho huku ukisikiliza.

Kama namba za chini ziko kimya na ya mwisho tu ndiyo inayofanya kazi, shuku rizista. Ni kipuri kinachoenea kiganjani, chenye nyaya zilizosokotwa kama springi au kibati cha kauri. Kwenye namba za chini umeme hupunguzwa na rizista ili mota inayozungusha feni iende taratibu. Namba ya mwisho hukwepa rizista kabisa, ndiyo maana hubaki peke yake. Bei yake mara nyingi ni dola 20 hadi 60, nayo hushikwa na skrubu mbili.

Hela nyingi hupotea hapa, kwa sababu rizista haiungui bila chanzo. Imewekwa ndani ya njia ya hewa makusudi ili upepo wa feni uipoze. Chujio la hewa ya ndani likijaa vumbi, upepo hupungua na rizista huchemka. Mota nayo ikichoka ikawa inazunguka kwa shida, huvuta ampea nyingi kupita kiasi, na joto lake huishia kwenye rizista na plagi yake. Ukiweka rizista mpya ukaacha chanzo, itaungua tena. Kwa hiyo toa chujio ulitazame kwenye mwanga. Kama huoni mwanga upande wa pili, nunua jingine. Zungusha feni kwa kidole: inatakiwa iende laini na iendelee kidogo baada ya kuiachia. Ikikwaruza au ikisimama papo hapo, mota na rizista zibadilishwe pamoja. Halafu itazame plagi kwa karibu. Pini yenye rangi ya kahawia au plastiki iliyolainika haifai tena. Nunua plagi inayouzwa na vipande vyake vya nyaya, unene ule ule, uunge upya. Usiichomeke ile ya zamani kwenye rizista mpya.

Gari zenye AC ya kujipangia joto yenyewe kwa kawaida hutumia moduli ya kielektroniki badala ya rizista ya springi. Ikifa, feni huweza kung'ang'ania spidi moja, kuzimika kabisa, au kuendelea kuzunguka hata ukishachomoa ufunguo na kumaliza betri usiku.

Feni ikiwa imekufa namba zote, anza na fyuzi. Mara nyingi ni ya ampea 30 au 40, na mchoro wake uko kwenye kifuniko cha kisanduku cha fyuzi. Ikiwa imeungua, weka ya namba ile ile. Kuweka kubwa zaidi, au kuunganisha kwa waya, ni kuomba gari liwake moto. Ikiungua tena, tafuta mota inayokwama au waya uliochubuka. Fyuzi ikiwa nzima, badilishana rilei ya feni (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme) na nyingine yenye namba sawa, kwa mfano ya honi. Bado kimya? Weka feni namba ya mwisho kisha gonga ganda la mota kwa mpini wa bisibisi. Ikishtuka na kuzunguka, kaboni za ndani zimelika na mota inataka kubadilishwa.

Ukiwa na multimita, yaani kipimo cha umeme, huna haja ya kubahatisha. Kwenye mota ya nyaya mbili, acha plagi ikiwa imechomekwa, feni namba ya mwisho, pima kati ya nyaya hizo kwa nyuma ya plagi. Ukipata volti 12 au zaidi na mota haizunguki, mota imekufa. Ukikosa, pima waya wa chanya dhidi ya bodi ya gari. Umeme ukiwepo hapo, tatizo liko upande wa hasi, ambako magari mengi huweka rizista na swichi. Usipokuwepo, rudi kwenye fyuzi na rilei.

Mota kwa kawaida iko chini ya dashibodi upande wa abiria. Huku hiyo ni kulia, kinyume na magari ya nyumbani, kwa hiyo video za mafundi wa kwetu zigeuze kichwani. Fungua betri upande wa hasi na usubiri dakika kadhaa, kwa sababu ya mfuko wa hewa wa usalama (airbag), na plagi zake za rangi ya njano usiziguse. Mota nyingi hushikwa na skrubu tatu. Ikiwa dalili ilikuwa mlio wa tiki-tiki, huenda utakuta majani makavu au kiota cha panya. Kinyesi cha panya usikifagie kikiwa kikavu, kwani kinaweza kubeba virusi. Vaa glavu, loanisha kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha futa.

Feni ikivuma vizuri lakini hewa ni baridi, mota haina kosa. Angalia kiwango cha kulanti (maji ya kupoza injini) injini ikiwa imepoa, maana kufungua kifuniko cha rejeta ya moto kunaunguza vibaya. Geji ya joto isiyopanda safarini huashiria themostati, yaani vali ya kulanti, iliyokwama wazi. Ukishika mipira miwili ya hita, mmoja ukawa moto na mwingine baridi, rejeta ndogo ya hita imeziba. Zulia la abiria likilowa na kukawa na harufu tamutamu, hiyo rejeta inavuja.

Na kwenye kufuta ukungu, washa AC, kwa kuwa inapofanya kazi inakausha hewa kabla haijapashwa moto (kwenye baridi kali magari mengi huizuia isiwake), na uzime kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Theluji na majani yaliyojaa chini ya waipa yaondoe kila asubuhi, kwa kuwa hewa ya nje huingilia hapo.