Joto la Jirani

“Baba, mbona hizi dayodi umeziinua? Si zingelala tu kwenye bodi kama zile nyingine?”

Binti yangu aliniuliza hivyo juzi, na papo hapo nikamwona Mjomba kule Tanga, miwani imeshuka puani, ameinamia amplifaya ya kikundi cha taarabu.

Harusi ilikuwa kesho yake. GZ34, valvu ya kioo inayogeuza umeme wa AC kuwa DC, imekufa, madukani haipo. Dayodi za 1N4007, vipande vidogo vya silikoni vinavyofanya kazi hiyo hiyo, zilikuwa tele, na wenye amplifaya walitaka tufunge mbili tu, yaishe.

Mjomba akachukua penseli. Transfoma ilikuwa ya volti 350 kila upande. Akazidisha kwa 1.414, ikaja 495. Akazidisha tena kwa mbili, maana dayodi ikiwa imefunga hubeba volti za pande zote mbili: 990. “Hii mwisho wake 1000. Umeme ukiruka kidogo, imekwenda.” Akaunga mbili mbili kwa mfululizo, kila upande, zigawane volti hizo.

Halafu mahali pa kuziweka. Tundu la GZ34 lilikuwa wazi, nyaya zote zimeshafika pale, lakini pembeni yake zilisimama EL34, valvu za kukuza sauti. Mjomba akakataa. Akanihesabisha: dayodi moja pale haitoi hata sehemu ya kumi ya wati, ilhali hita ya EL34 moja peke yake hula zaidi ya wati 9. “Hii haifi kwa joto lake, mjomba. Inakufa kwa joto la jirani.” Akazihamishia kona yenye matundu ya hewa, akailehemu miguu yake kwenye vishikizo vipana vya shaba, kwa kuwa joto la dayodi hutoka nje kupitia miguu, na miili yake akaiacha hewani, haigusi kitu. Tukawasha kwa muda mrefu. Tulipozima, akamaliza chaji ya kapasita kwa rizista, akapima kwa mita, ndipo akaniambia niguse. Vuguvugu tu.

Harusini amplifaya haikukohoa hata mara moja. Lakini mpiga besi alilalamika: sauti imekaza, ule ulaini umekwenda. Valvu hupoteza volti kadiri mzigo unavyoongezeka, silikoni karibu haipotezi kitu. Mjomba akaongeza rizista za omu 100 kwenye nyaya za transfoma. Mpiga besi akasema afadhali, ila si ile. Nami mpaka leo nafunga rizista hizo hizo, na bado sijaamua kama masikio yake yalisikia volti au yaliikumbuka tu GZ34.