Bugala si ufukwe tu: safari yetu ya Visiwa vya Ssese

Ukitoka Kampala kwenda Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ssese katika Ziwa Viktoria, una njia mbili. Ya kwanza ni kushuka Entebbe hadi gati ya Nakiwogo na kupanda MV Kalangala, inayong'oa nanga saa nane mchana na kutia nanga Lutoboka baada ya kama saa tatu na nusu. Ya pili ni kuzunguka kwa barabara kupitia Masaka mpaka Bukakata, kisha kuvuka kwa kivuko hadi Luuku. Sisi tulikwenda kwa ile ya kwanza tukarudi kwa ya pili, na mwenye nafasi namshauri afanye vivyo hivyo, maana upande wa Lutoboka na upande wa Luuku ni kama visiwa viwili tofauti.

Nilikuwa na shangazi yangu, mzaliwa wa Bukoba, aliyekuja Kampala kunitembelea. Ziwa hili amelijua tangu utotoni, lakini tangu MV Bukoba izame karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuondoka na mamia ya watu, wakiwemo majirani zake, hajawahi tena kukanyaga meli. Pale Nakiwogo alikataa kukaa kabla hajamwona baharia.

"Mwanangu, majaketi ya kujiokolea yako wapi?"

Kijana hakucheka wala hakuharakisha. Alimpeleka mpaka yalipowekwa, akatoa moja, akamfunga mikanda kwa mikono yake. "Mama, hesabu ya abiria ikitimia, tunafunga. Atakayechelewa atapanda kesho."

Shangazi alilivaa safari nzima. Nilimheshimu kwa hilo, na ningependa kuona abiria wengi zaidi wakiuliza alichouliza yeye, hasa kwenye mitumbwi ya injini inayounganisha kisiwa na kisiwa.

Njiani unavuka ikweta, kwa kuwa Entebbe iko kaskazini yake kidogo na Kalangala, mji wa Bugala, iko kusini. Majini hakuna alama yoyote. Visiwa vinaanza kutokea kimoja kimoja, vya kijani mpaka ukingoni mwa maji. Ssese nzima ina visiwa 84, vingine vina watu na vingine ni vya ndege tu.

Lutoboka ndiko wageni wengi wanakoishia. Kuna mchanga mweupe, hoteli zilizojificha chini ya miti, mpira wa wavu, makasia ya kukodi, na usiku kuni zinawashwa ufukweni watu wakae kuzunguka moto. Mwisho wa wiki vijana wa Kampala hujaa, muziki ukapanda. Ni pazuri. Ila Ziwa Viktoria lina kichocho, kwa hiyo fikiri kabla ya kuogelea, na ukishaingia majini, baadaye nenda kapime. Dawa yake ipo na inatibu.

Asubuhi tuliuacha ufukwe tukaingia msituni na kijana wa hapo hapo kijijini. Ndani mna ubaridi, tumbili wanaruka juu, na hondohondo unamsikia akipiga mabawa kabla hujamwona. Mgeni hudhani msitu huu umekuwepo hivyo tangu enzi na enzi. Sivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulipita pwani za ziwa hili na kuua watu wanaokadiriwa kuzidi 200,000 katika Uganda peke yake. Mbung'o wanaoueneza walijaa kwenye vichaka vya ukingoni, na Waingereza waliokuwa wakitawala wakaamua kuwahamisha wakazi wa Ssese kwenda bara. Visiwa vilivyokuwa na migomba na mashamba ya watu vikabaki vitupu kwa miaka mingi, msitu ukafunga. Waliorudi baadaye walikuta miti pale walipoacha nyumba. Shangazi aliposikia hayo alisimama akaugusa mti mmoja mnene, akauliza kama chini yake kuna makaburi. Kijana alisema wazee wanaamini yapo.

Kwa Waganda visiwa hivi ni vya heshima kubwa hata bila habari hiyo. Mukasa, lubaale (mungu wa jadi) wa ziwa, hekalu lake liko kisiwa cha Bubembe, na wapo wavuvi wanaomtaja hadi leo kabla ya kuingia majini. Ukienda kule, omba ruhusa, vua viatu unapoambiwa, na simu iache mfukoni.

Ninachotaka hasa kukisema ni habari ya mwalo, pale mitumbwi ya uvuvi inapofikia. Mgeni asiyefika mwaloni hajaiona Ssese. Tulichukua bodaboda alfajiri, tukawahi mitumbwi ya dagaa, ambao hapa wanawaita mukene, ikirudi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Samaki hufuata mwanga, wavu ukainuliwa. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa haina nguvu na wavuvi wengi hupumzika. Mwaloni utasikia Luganda, Kinyarwanda, Kijaluo, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha, pamoja na askari wa jeshi ambao tangu 2017 wanasimamia uvuvi. Mtumbwi usiotimiza futi 28 hauruhusiwi, na sangara asiyefika inchi 20 haruhusiwi kuvuliwa. Ukiona jinsi watu wanavyoishi kwa samaki mmoja baada ya mwingine, unaelewa kwa nini sheria hiyo inabishaniwa kila siku, na pia kwa nini ziwa linaihitaji.

Mama mmoja alikuwa akigeuza dagaa juu ya kichanja cha nyavu kilichoinuliwa usawa wa kiuno. Aliokota mmoja, akamvunja mbele ya shangazi, akampa aonje. Kisha akatuonyesha wa jirani walioanikwa chini: ukiwasugua kiganjani, mchanga unabaki. "Wale wanaenda kwa kuku, dada. Hawa wangu wanaenda sufuriani." Shangazi, aliyekulia kwenye biashara hiyo hiyo ng'ambo ya ziwa, alibishana naye bei kwa Kihaya, mwenzake akijibu kwa Luganda, na wakaelewana mpaka shilingi ya mwisho. Alinunua kiroba kizima.

Kutoka Kalangala kwenda Luuku mandhari yanabadilika. Sasa ni michikichi, safu kwa safu, iliyopandwa kuanzia miaka ya 2000. Matunda yanakamuliwa palepale kisiwani, na wapo wakulima wadogo waliojenga nyumba na kusomesha watoto kwa mashamba hayo. Siwezi kuwalaumu. Lakini msitu ulioota kwa msiba wa watu umekatwa sehemu kubwa, na nilipita pale moyo ukiwa mzito. Kilichobaki kinastahili kulindwa, na mgeni anayelipa kutembezwa msituni anasaidia kuufanya uwe na thamani ukiwa umesimama.

Anayeuliza habari za sokwe, hao hawako Bugala. Wako Ngamba, kisiwa kingine kinachofikiwa kwa boti kutoka Entebbe, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1998 kwa ajili ya sokwe yatima waliookolewa kwa majangili na wafanyabiashara. Sokwe hawawezi kuogelea, kwa hiyo maji ndiyo uzio wao. Unawatazama kutoka kwenye jukwaa wakati wa kulishwa. Panga siku yake peke yake.

Kivuko cha Luuku kwenda Bukakata hakitozi nauli, hata gari lako linavuka bure, ila wahi foleni. Shangazi alipanda bila kusita, akatafuta mwenyewe jaketi lilipo, akalivaa. Masaka tukaagana: yeye akapanda gari la Mutukula, avuke mpaka kwenda Bukoba, na kiroba chake cha dagaa kikafungwa juu ya keria baada ya kumwonya kondakta mara mbili asikiwekee mzigo juu.