Usiku wa Horombo

Tulikuwa Horombo, kituo cha kulala cha wapandaji wa Mlima Kilimanjaro, na binamu yangu alikuwa kitanda cha pili, amejifunika mpaka masikioni. Pumzi zake zilikuwa zinapanda, kila moja nzito kuliko iliyotangulia, kisha zikaanza kushuka, zikawa ndogo, zikakatika kabisa. Nikajiinua kwa kiwiko. Nikasubiri. Nilipokuwa nanyoosha mkono nimtikise, akavuta pumzi kubwa kama mzamiaji anayeibuka, na mambo yakaanza upya. Pumzi zikapanda, zikashuka, zikakatika.

Nikamfuata kiongozi wetu, Mchagga wa Marangu. Akaja na tochi, akamwamsha taratibu.

“Dada, kichwa kinauma?”

“Kidogo tu.”

“Unasikia kutapika? Kizunguzungu?”

“Hapana, kaka.”

Akamwambia atembee kwa mstari, kisigino kikigusa vidole. Akatembea vizuri, anatetemeka kwa baridi. “Mwache alale, mwalimu,” akaniambia. “Huku juu wengi hulala hivyo.”

Nafundisha baiolojia, na habari ya mwili kutunza hali yake ya ndani nilikuwa nimeiandika ubaoni miaka mingi. Usiku ule nilikuwa naisikia ikitendeka kwenye kifua cha mtu wangu.

Horombo ipo mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa, lakini kanieneo la hewa limeshuka hadi karibu theluthi mbili ya lile la pwani, kwa hiyo inayoingia kwenye damu ni pungufu. Shingoni, pale mishipa mikubwa inapogawanyika kwenda kichwani, kuna vipokezi vinavyoupima upungufu huo na kuamrisha: pumua zaidi. Sawa, lakini kila pumzi ya ziada inatoa hewa ukaa, na hewa ukaa ikipungua damu inaelekea kwenye alkali, wakati mwili unataka pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, ibaki kati ya 7.35 na 7.45. Ubongo nao unatoa amri yake: punguza. Mtu akilala, amri hizo mbili zinapokezana. Zile pumzi zilizokuwa zinanitisha zilikuwa mabishano ya walinzi wawili, na wote wawili walikuwa na haki.

Anayewapatanisha ni figo, na kwa kweli ndiyo inayonistaajabisha kuliko viungo vyote. Inatoa bikaboneti, kemikali yenye alkali, kwenye mkojo, damu inarudi kwenye kiwango chake, na mtu anaruhusiwa kupumua kwa nguvu bila breki. Ila haina haraka, inahitaji siku kadhaa. Ndiyo sababu hatukuondoka asubuhi iliyofuata. Tulipanda kwa miguu hadi miamba ya Zebra Rocks, tukatazama kilele cha Mawenzi ikifunuka na kufunikwa na mawingu, tukashuka kulala palepale Horombo. Ndiyo sababu pia kiongozi yule alimuuliza kila mmoja wetu, bila kuzungukazunguka, kama amekojoa vya kutosha. Binamu yangu ni mwanamke wa Tanga mwenye haya zake. Alijibu akitazama viatu.

“Vizuri sana, dada. Kunywa maji tena.”

Usiku wa pili pumzi zilikatika bado, lakini kwa muda mfupi zaidi, na maumivu ya kichwa yalikwisha. Asubuhi ya kwenda Kibo alimaliza bakuli lake la uji, akaomba lingine, akala na chapati yangu.